Wazo Likifikiwa na Wawili

Mwaka 1973 kijana wa hisabati aitwaye Clifford Cocks alikuwa mgeni katika GCHQ, idara ya Uingereza inayofumbua siri za mataifa mengine. Wenzake walikuwa na swali lililowasumbua kwa muda: je, watu wawili wanaweza kupelekeana ujumbe wa siri bila kwanza kupeana ufunguo? Cocks alikwenda nalo nyumbani, na jioni ile ile akapata jibu. Chukua namba tasa mbili kubwa mno, uzizidishe. Kuzidisha ni kazi ya dakika, lakini atakayepewa jawabu tu na kutakiwa azitaje zile namba mbili za mwanzo atahangaika miaka na miaka. Kanuni za kazi zilimkataza kuandika mambo ya ofisi akiwa nyumbani, kwa hiyo alilala nalo kichwani. Baadaye serikali ikalifungia kabatini.

Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa chuo cha MIT huko Marekani walifika pale pale kwa miguu yao wenyewe. Habari za Cocks hawakuwa nazo, na wasingeweza kuwa nazo, maana Waingereza hawakuitoboa siri hiyo hadi 1997. Tarehe 20 Septemba 1983 Marekani ikakipa chuo chao hataza, yaani haki ya pekee ya uvumbuzi kwa muda maalumu, na njia hiyo ikajulikana kwa herufi za majina yao: RSA. Kwa kuwa walikuwa wameitangaza kabla ya kuiombea hataza, nchi nyingi nyingine hazikuweza kuwapa haki hiyo. Matokeo yake ni kioja. Hesabu ile ile, ya kweli kila mahali, ilitumika bure Toronto, lakini kampuni ya Boston ilipaswa kuomba ruhusa na kulipa. Hali hiyo iliendelea hadi Septemba 2000.

Ubishi juu ya hataza za programu za kompyuta huendeshwa zaidi kwa lugha ya biashara: nani anapata, nani anapoteza, uvumbuzi unakua au unadumaa. Chini ya lugha hiyo kuna maswali mawili ya kale. La kwanza ni kama njia ya kufikiri huundwa na mtu au hukutwa ikiwa imekwisha kuwapo. La pili, ambalo mawakili hulipita haraka, ni zito zaidi: aliyefika mahali kwa akili yake mwenyewe, bila kumwibia mtu, anawezaje kuwa mkosaji?

Mahakama ya Juu ya Marekani imelizunguka swali la kwanza kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1972, katika kesi ya Benson, ilikataa kutoa hataza kwa njia ya kugeuza namba kutoka mfumo mmoja wa kuandika kwenda mwingine, kwa hoja kwamba kukubali kungekuwa sawa na kuimilikisha hesabu yenyewe. Mwaka 1981, katika kesi ya Diehr, majaji watano dhidi ya wanne waliipitisha hataza ya kuivisha raba kiwandani, ingawa kiini chake kilikuwa programu inayokokotoa muda wa kufungua kalibu. Mwaka 2014, katika kesi ya Alice, wote tisa walisema kwamba wazo la kinadharia halipati hataza kwa kuwekwa tu ndani ya kompyuta. Mstari uko wapi basi? Majaji wenyewe wamekiri kwa nyakati tofauti kwamba kuuchora si rahisi.

Donald Knuth, profesa mstaafu wa Stanford ambaye vitabu vyake vimesomesha vizazi vya waandishi wa programu, aliona kwamba mstari huo haupo. Mwaka 1994 aliiandikia ofisi ya hataza ya Marekani barua ya kupinga. Mahakama zilitaka kutenganisha algoriti, yaani taratibu za kukokotoa hatua kwa hatua, za kihisabati na zisizo za kihisabati. Knuth akajibu kwamba kwake hilo halina maana, kwa sababu algoriti zote ni hisabati, na kumnyima mwandishi wa programu algoriti za msingi ni kama kumnyima mtunzi wa vitabu maneno. Knuth ni Mlutheri, na ameandika kitabu kizima kuhusu aya za Biblia. Hata hivyo barua yake haikuegemea dini. Aliongea kama fundi anayeona zana zake zikiwekewa kufuli.

Zana moja kati ya hizo inafaa kutazamwa kwa karibu. Andika «papapapapa», herufi kumi. Mashine inayo orodha ya alama 256, kuanzia 0 hadi 255. Inasoma «p», inaona kwamba «pa» haimo orodhani, inaitoa «p» na kuipa «pa» namba 256. Inasoma «a», inakuta «ap» ni ngeni, inaitoa «a» na kuipa «ap» namba 257. Sasa inakutana na «pa» tena, na safari hii inaifahamu, kwa hiyo inatoa 256 tu na kuandikisha «pap» kuwa 258. Ikiendelea hivyo, herufi kumi zinakwisha kwa alama sita: p, a, 256, 258, 257, a. Anayepokea hahitaji kutumiwa orodha, kwa sababu ataijenga mwenyewe kadiri anavyosoma. Mwanafunzi mwenye penseli anaweza kuifanya kazi hiyo yote chini ya mwembe.

Hiyo ndiyo LZW, njia ya kubana data. Jacob Ziv na Abraham Lempel waliweka msingi wake mwaka 1978, na Terry Welch akaiboresha. Kampuni yake, Sperry, iliiombea hataza tarehe 20 Juni 1983. Siku 19 kabla yake, tarehe 1 Juni, watu wa IBM walikuwa wameomba hataza ya jambo lile lile. Ofisi ikaipa Sperry yake mwaka 1985, na IBM nayo ikapewa yake mwaka 1989. Ofisi moja, algoriti moja, wenyewe wawili! Wakaguzi hawakutambua kwamba walikuwa wakisoma kitu kimoja, na si ajabu sana: hisabati ikivishwa lugha ya mawakili, hata mzazi wake aweza kupishana nayo njiani bila kuisalimia.

Welch aliichapisha njia yake kwenye jarida mwaka 1984, na waliosoma wakaitumia. Kampuni ya CompuServe iliitia ndani ya GIF, aina ya picha iliyoitoa mwaka 1987, ikawaalika watu wote waitumie. Mwishoni mwa Desemba 1994, Unisys, kampuni iliyorithi hataza ya Sperry, pamoja na CompuServe, walitangaza kwamba wanaouza programu za kutengeneza GIF watalipa leseni. Watu walikuwa wamejenga juu ya kiwanja hicho miaka saba. Hasira ilikuwa kubwa. Ndani ya wiki chache kundi la waandishi wa programu, wengi wao wakijitolea, lilianza kubuni aina mpya ya picha isiyogusa LZW, na mwaka 1996 PNG ikawa imekamilika. Wapo wanaosema kisa hiki kinathibitisha kwamba hataza huchochea ubunifu. Kwa kipimo hicho, hata mwizi wa baiskeli huchochea kutembea.

Swali la pili sasa. Wanazuoni wa Kiislamu walishapambana nalo kwa namna yao. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan hakuona uhalali wa kujihodhia haki ya kunakili. Mwanawe, Muhammad Taqi Usmani, akaja kuona tofauti na baba yake. Mwaka 1988, katika kikao cha Kuwait, Baraza la Kimataifa la Fiqhi liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali inayolindwa kisheria, na kuzishambulia hakufai. Uamuzi huo umekubalika na wengi. Lakini fiqhi hiyo hiyo, inapozungumzia wizi, huwa na masharti makali: mali itolewe kwa siri kutoka kwenye hirzi, yaani mahali ilipohifadhiwa. Adleman alichukua nini kutoka kabati la GCHQ? Hata tukilegeza masharti yote na kuiita dhulma ndogo tu, anatafutwa aliyedhulumiwa na hapatikani.

Mwanafalsafa John Locke, ambaye hoja yake ya jasho hupendwa na watetezi wa hataza, naye aliweka sharti. Mtu hujipatia mali kwa kuchanganya kazi yake na kilichokuwa cha wote, mradi awabakishie wengine cha kutosha na kizuri vilevile. Cocks na wale watatu wa MIT walitoka jasho sawasawa. Hataza hulipa jasho la mmoja na kuligeuza la mwingine kuwa hatia, na hilo si jambo ambalo nadharia ya jasho inaweza kulieleza.

Upande wa pili una hoja, tena ya mtu aliyeumia. Martin Goetz wa kampuni ndogo ya Applied Data Research alipata mwaka 1968 hataza inayotajwa kuwa ya kwanza ya programu nchini Marekani, ya njia ya kupanga data. Wakati ule IBM iliuza mashine na kutoa programu bila malipo ya ziada. Ukiwa mdogo, utauzaje kile ambacho jitu linakigawa? Kwa Goetz hataza ilikuwa fimbo ya mnyonge. Tena hataza humlazimisha mvumbuzi aeleze hadharani alichokipata, na kisa cha Cocks kinaonyesha siri ilivyo ghali: dunia ilikaa miaka 24 bila kujua kwamba alikwisha kulipata jibu.

Fimbo hiyo ilibadilisha mikono. Mei 2011 watu wanaotengeneza programu ndogo za iPhone, wengine wakifanya kazi peke yao, walianza kupokea barua kutoka Lodsys, kampuni iliyomiliki hataza. Ilidai asilimia 0.575 ya mapato yao ya Marekani, kwa sababu ya kitufe cha kununulia ndani ya programu, kitufe ambacho Apple ndiyo iliyowapa. Kiasi ni kidogo, na ndipo ulipo ujanja: kulipa ni rahisi kuliko wakili.

Jeff Bezos, ambaye Amazon yake ilikuwa imeishitaki Barnes & Noble kwa hataza ya kununua kwa kubofya mara moja, alipendekeza Machi 2000 kwamba hataza za aina hiyo zidumu miaka mitatu hadi mitano. Pendekezo hilo linapunguza maumivu, lakini haligusi kosa. Hakimiliki ina kinga ambayo hataza inaikosa: washairi wawili wakitunga beti zinazofanana bila kuonana, hakuna aliyemkosea mwenzake. Sheria ya Marekani ya 2011 ilipanua kinga inayokaribia hiyo. Aliyekuwa akikitumia kitu kibiashara angalau mwaka mmoja kabla ya ombi la hataza anaweza kujitetea. Mwaka mmoja. Aliyemtangulia mwenzake kwa siku 19 hawezi kuishika kinga hiyo, na aliyefika kwa akili yake wiki moja baada ya ombi kuwasilishwa hana kinga kabisa.