Lisifu Ua, Usitaje Kwao

Mjukuu wangu,

Umenipigia simu kuniambia kwamba mvua zikikolea utapanda Kitulo na wenzako, mkapige picha za maua mzirushe mtandaoni. Nenda. Nimefurahi, kwa kuwa vijana wengi wakitajiwa hifadhi huwaza simba na tembo tu, na wewe umechagua kuinama uangalie kilichoota chini. Lakini kabla hujazianza zile kona 57 za kutoka Chimala kwenda Matamba, nisikilize babu yako.

Huko unakokwenda wenyeji wanakuita Bustani ya Mungu. Uwanda wenyewe uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Desemba hadi Aprili nyasi zake hujaa rangi usizoweza kumaliza kuzihesabu. Okidi peke yake zina zaidi ya aina 40. Mwaka 2005 pakawa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kutengwa hasa kwa sababu ya mimea yake. Basi ingia kwa adabu, kama unavyoingia kwa watu.

Nikueleze jambo ambalo sijapata kulisimulia nyumbani. Ujanani nilikuwa na studio ndogo, na kamera ya filamu ya picha 36. Msimu mmoja nilikuta mteremko umejaa okidi za rangi ya waridi. Nikapiga, nikaenda kusafisha, nikaikuza ile iliyotoka vizuri na kuibandika mlangoni. Kila aliyesimama kuitazama aliuliza ni wapi, nami kwa fahari nilimwelekeza: vuka kijito fulani, pinda kushoto, utauona mteremko. Mvua za mwaka uliofuata nilirudi. Nilikuta mashimo, moja baada ya jingine, mpaka chini kwenye kijito. Mchimbaji sikumwona. Mwelekezaji namjua, ni mimi.

Kipo kilichokuwa kikichimbwa. Okidi za nyasini zina viazi vidogo chini ya ardhi. Vikitwangwa na kupikwa pamoja na karanga hupatikana chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia. Huko kwao vilipopungua, wanunuzi wakageukia nyanda zetu za juu kusini. Sasa shika hili: okidi hizo huwa na viazi viwili. Kimoja hunyauka kwa kulilisha ua la mwaka huu. Cha pili, kilicho kigumu, ni akiba ya ua la mwaka ujao. Mchimbaji hukitaka kile kigumu. Mbegu za okidi nazo ni laini kama vumbi, haziwezi kuota bila kuvu fulani wa udongoni, na mche huchukua miaka kabla ya kuchanua. Kinachong'olewa asubuhi moja, wewe unaweza kuwa na watoto kabla hakijarudi.

Usimtukane mchimbaji. Wengi ni akina mama wanaotafuta fedha ya daftari na chumvi. Mheshimu, ila usimchoree ramani.

Ramani yenyewe iko mfukoni mwako. Mlango wa studio yangu walipita watu wa mji mmoja; mlango wako wanapita watu wa dunia nzima. Simu huandika ndani ya picha mahali hasa iliposimama, hata kama wewe hukuandika neno. Kabla hujapiga picha ya kwanza, zima kile kinachoandika mahali. Kisha tazama nyuma ya ua: kilele, daraja, nguzo ya mpaka, vyote vinasema. Ukiweka picha, andika Kitulo, basi. Kizuri chajiuza, ua halihitaji wewe ulitangazie njia. Ukitaka wataalamu wafaidike, peleka picha iNaturalist, kwa kuwa huko mimea iliyo hatarini hufichiwa mahali pake halisi, na jina hubaki.

Kuhusu mkono na mguu: lipeni kiingilio, mchukue mwongozaji, mfuate njia. Kabla ya kupiga goti, tazama goti linatua juu ya nini. Usikwanyue nyasi zilizolizunguka ua ili lionekane peke yake, maana ndizo zinazolikinga na jua na macho. Usilichume ulipeleke penye mwanga. Nenda mapema, umande ungalipo, mwanga ukufuate wewe. Ukungu ukishuka usinung'unike, kwa kuwa rangi hutulia vizuri kuliko chini ya jua la saa sita. Upepo ukivuma, ukingie ua kwa mwili wako na ungoje. Filamu ya picha 36 ilinifundisha kungoja. Wewe mwenye picha maelfu jifunze kwa hiari.

Piga na jani, piga na shina, kwa sababu petali tupu huwapoteza hata wanaojua. Muulize mwongozaji wako, waulize na wazee wa Matamba, ua hili mnaliitaje, liliwasaidia nini. Andika jina hilo chini ya picha. Aliyejua jina la kitu huona uchungu kikipotea.

Na waeleze wanaokufuata kwamba uwanda ule si pambo. Mvua inayonywewa na nyasi zile hutoka taratibu kwenye vijito vinavyoulisha Ruaha Mkuu, na maji ya Ruaha ndiyo yanayozungusha mitambo ya Mtera na Kidatu. Huenda umeme uliochaji simu yako ulianzia kwenye mizizi ya maua unayoyapiga picha. Mtu akilijua hilo, hatalikanyaga ua akidhani anakanyaga majani tu.

Ukirudi, njoo kwangu kwanza. Nitakuuliza jina la ua, nitakuuliza lilichanua lini na nyuki gani walilitembelea. Na nikisahau nikakuuliza liko wapi, usiniambie hata mimi.

Babu yako