Penye Wazee

Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Methali hii ni nzuri, lakini yafaa tujiulize: neno haliharibiki kwa sababu wazee wapo, au kwa sababu wamesema?

Mwezi wa Aprili 1961, Rais John Kennedy wa Marekani aliruhusu wakimbizi wa Cuba wapatao 1,400, waliofunzwa na shirika la ujasusi la Marekani, waivamie nchi yao kupitia Ghuba ya Nguruwe ili wamwangushe Fidel Castro. Katika siku tatu walikuwa wameshindwa, na zaidi ya 1,100 walitekwa. Mpango huo ulikuwa umepita mbele ya washauri wenye elimu kubwa. Mmoja wao, mwanahistoria Arthur Schlesinger, hakuukubali, na alimwandikia rais kumweleza hivyo. Lakini vikaoni, mbele ya majenerali na mawaziri, alinyamaza. Robert, mdogo wake rais, alimwambia asiendelee kupinga kwa kuwa rais alikwisha kuamua. Naye Seneta William Fulbright alipopinga waziwazi, hakupata wa kumuunga mkono.

Wako watakaosema kwamba Schlesinger alitimiza wajibu wake, maana kazi ya mshauri ni kushauri, si kutawala. Hoja hiyo ina uzito. Lakini barua husomwa na mtu mmoja. Kikaoni kimya huhesabiwa kuwa ni kukubali, na kila mwenye shaka hudhani yuko peke yake. Tena gharama ya kimya kile haikulipwa na waliokuwa mezani, bali na waliokuwa ufukweni.

Hata hivyo, lawama yote si ya mshauri. Mkubwa ni jalala. Asiyetaka kutupiwa maneno machungu asiitishe baraza. Oktoba 1962, makombora ya Kisovieti yalipogunduliwa Cuba, Kennedy huyo huyo aliwakusanya washauri wake, na vikao vingine hakuhudhuria ili wabishane bila kumwangalia usoni. Mwanzoni wengi walielekea kushambulia kwa ndege. Baada ya siku kadhaa za mabishano, rais alichagua kuizingira Cuba kwa manowari, na vita vya nyuklia vikaepukwa.

Basi uaminifu kwa kiongozi si kumwitikia. Ni kumwambia mbele ya wenzako lile ambalo ungemwambia faraghani, kabla watu wengine hawajalipia. Nasi tukae hivyo katika vikao vyetu vya ukoo, vya shule na vya ushirika.