Fundi wa Mlimani, Chombo Kinakungoja

Wewe seremala wa Makutano pale Meru, na wewe wa Embu mjini unayepiga randa kando ya barabara tangu alfajiri: nani aliwaambia kwamba kazi ya vyombo vya majini ni ya watu wa pwani peke yao? Mikono yenu huunga vitanda visivyolia usiku. Huchonga milango ya kanisa inayofunguka kwa kusukumwa na kidole. Mikono hiyohiyo yaweza kukiandaa chombo kwa safari ndefu, na pa kuanzia ni hapo ulipo, si Mombasa utakayohamia siku moja Mungu akipenda.

Maji mnayo. Tana imezibwa kwa mabwawa matano mfululizo: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga lilikamilika mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, na tangu hapo watu wa Mbeere wana uvuvi ambao babu zao hawakuujua. Mvua za 2024 zilipoyajaza mabwawa hayo hadi yakafurika, hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba maji yale si ya mchezo. Mvuvi anayeyavuka kwa mashua inayovuja anatupa wavu kwa mkono mmoja na kuchota maji kwa mwingine. Huyo ni mteja wako, fundi. Mbona hujaenda kumwona?

Utasema: mimi sijui mashua. Basi msikie Kapteni Joshua Slocum. Mwaka 1892 alipewa chombo kibovu kiitwacho Spray, kilichokuwa kimetupwa shambani huko Fairhaven, Massachusetts, kimefunikwa turubai. Majirani walidhani amekuja kukivunja. Yeye akaangusha mwaloni uliokuwa ukikua karibu, akauchonga kuwa mkuku, akazipiga mbao mvuke mpaka zikalainika, akazikunja kuwa mataruma, kisha akaubadilisha ubao mmoja baada ya mwingine. Kazi ilimla miezi 13 na vifaa vikamgharimu dola 553.62. Aprili 1895 aling'oa nanga Boston, na Juni 1898 akarudi Marekani akiwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa matanga peke yake. Miaka mitatu baharini ilisimama juu ya miezi 13 ya useremala! Usiniambie useremala ni kazi ndogo.

Nawe una mti wako. Muuru, ambao wafanyabiashara wa mbao huuita Meru oak, si mwaloni hata kidogo. Ni ndugu wa mfudu wa pwani, na ukoo wake mkubwa ni uleule wa msaji, mti ambao matajiri wa dunia hulipia fedha nyingi ili wautandike kwenye sitaha za mashua zao za anasa. Sikwambii muuru ni sawa na msaji, wala sikutumi msituni na msumeno. Tangu katazo la ukataji la Februari 2018 kila mtu anajua msitu wa Mlima Kenya si stoo ya mtu. Nunua wa shambani, wenye kibali, na kwa kila mmoja unaonunua panda mwingine. Kwa kabati, meza na vitanda vya ndani ya chombo, utapata mbao chache zenye sura kama ya muuru. Grevilea nayo iache ndani, pakavu. Ukiitia majini itakuaibisha.

Sasa tuongee kazi yenyewe, maana hamasa bila patasi ni kelele. Ndani ya chombo hakuna ukuta ulionyooka, kwa hiyo futi kamba peke yake haitakusaidia: kata kiolezo cha kadibodi, kibane kwenye ubavu, kichore upya hadi kikae, ndipo uguse ubao. Kila kona iviringe, kwa sababu wimbi likipiga, mtu ataangukia hapo kwa ubavu. Meza itie ukingo unaosimama kidogo ili kikombe kisiruke. Droo itengeneze iwe lazima kuinuliwa kwanza ndipo ivutwe, la sivyo usiku wa kwanza wa dhoruba visu vyote vitakuwa sakafuni. Toboa milango ya kabati ipitishe hewa. Unyevu uliofungiwa ndio huozesha. Na ncha za ubao, pale nyuzi zilipokatwa, ndizo hunywa maji, basi zizibe kabla hujafikiria vanishi ya nje.

Misumari ya kawaida sahau. Kutu yake hula ubao kimyakimya.

Juu ya yote, mbao iwe kavu. Hapa nitasema ukweli ambao baadhi yenu hamtaupenda: tumezoea kuuza samani za mbao mbichi, mteja anapeleka kabati nyumbani, baada ya miezi mitatu mlango haufungi. Nchi kavu mteja hulalamika tu. Kwenye maji anazama. Panga mbao zako kivulini, ziwekee vijiti katikati zipate hewa, na uwe na subira.

Kama bado unaona ni mbali, mtazame Ali Skanda wa Lamu. Yeye na wenzake walichukua plastiki iliyookotwa ufukweni, wakaikata na kuiunga kwa ufundi uleule wa majahazi, wakazindua jahazi liitwalo Flipflopi mwaka 2018. Mapema 2019 lilitweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Watu wamejenga chombo kwa takataka, wewe mwenye muuru unashindwa na nini?

Vyuo vya ufundi vya Meru na Embu navyo viweke mkuku na mataruma mbele ya wanafunzi, sio stuli na madawati tu. Lakini wewe usingoje mtaala. Wiki hii shuka hadi Kiritiri, fika ufukweni Kiambere, mwombe mvuvi akuonyeshe mashua yake, ipindue, igonge ubao kwa ubao usikilize palipooza. Kubaliana bei ya ubao mmoja tu, uutoe, uweke mwingine ulio mkavu, uuzibe vizuri. Kisha panda naye mashua hiyo, mwende wote hadi katikati ya bwawa.