Vidole vya Mtu Anayeelea

Katika sehemu ya Kitab al-Shifa inayohusu nafsi, Ibn Sina anamtaka msomaji amfikirie mtu aliyeumbwa ghafla, akiwa mzima na amekamilika. Macho yake yamefunikwa. Anaelea, na hewa haimgusi kiasi cha kuhisiwa. Viungo vyake vimetanuliwa visigusane: kidole hakikutani na kidole, mkono haufiki ubavuni. Hajaona wala kusikia chochote, na hajui kama ana moyo au ubongo. Je, atakiri kwamba yupo? Ibn Sina anajibu kwamba atakiri bila shaka yoyote, ingawa juu ya mikono na miguu yake hatakuwa na la kusema. Kwa hiyo mtu kujua kwamba yupo hakupitii mwilini, wala hakusubiri shahidi.

Mwenye hoja hii alizaliwa karibu mwaka 980 katika kijiji cha Afshana, jirani na Bukhara, akafariki Hamadan mwaka 1037. Alikuwa tabibu wa watawala, akawa waziri, kisha kwa miezi kadhaa akawa mfungwa katika ngome ya Fardajan. Maana za nafsi, mwili na kuwepo zimo katika kila kitabu cha utangulizi wa falsafa, na zinaweza kuachwa zilivyo. Linalostahili kutazamwa ni namna hoja hiyo inavyosomeka Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako kwa miongo kadhaa vijana waliotimiza miaka 18 walitakiwa kuithibitishia kamati kwamba wao ni wao.

Sehemu nyingi za Kenya, anayeomba kitambulisho hupeleka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, na shughuli huendelea. Kaskazini Mashariki uliongezwa msasa: chifu, wazee na maafisa wa usalama waliketi, mwombaji akaulizwa ukoo wake, na mara nyingine akatakiwa alete kitambulisho cha babu. Shaka hiyo ina historia. Matakwa ya kujitenga ya eneo hilo yalikataliwa wakati wa uhuru, vikafuata Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967. Novemba 1989 serikali ya Rais Moi iliwapiga msasa Wakenya wenye asili ya Kisomali nchi nzima, na waliopita wakapewa kadi ya pili yenye rangi ya waridi. Jamii nyingine za Kenya hazikutakiwa kuwa na kadi kama hiyo.

Kisa kinachoumiza zaidi ni cha usajili maradufu. Kambi za Dadaab zilianzishwa mwaka 1991 kwa ajili ya waliokimbia vita Somalia. Ukame ulipozidi, familia za Wakenya waliokuwa jirani na kambi nazo zilijiandikisha ili zipate mgao wa chakula, na watoto wao wakachukuliwa alama za vidole. Miaka ikapita. Mtoto akakua, akaenda kuomba kitambulisho, mashine ikasoma kidole chake na kusema kwamba huyu ni mkimbizi. Baba ni Mkenya, mama ni Mkenya, kaka mkubwa ana kitambulisho, lakini kidole kimeshatoa ushahidi. Wenye shida hii ni maelfu, na mwaka 2021 shirika la Haki na Sheria la Garissa liliipeleka mahakamani. Asiye na kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake wala kufungua akaunti benki, na kila kizuizi cha polisi kwake ni hofu.

Hapa ndipo Ibn Sina anapogeuka kuwa mwandishi wa mambo ya leo. Viungo alivyomwondolea mtu wake, ili kuonyesha kwamba havihitajiki katika kujijua, ndivyo hivyo ofisi ya usajili inavyoviamini peke yake. Mwenye mwili anaeleza yeye ni nani, hasikilizwi. Ncha ya kidole inasema jambo alilofanyiwa akiwa na miaka mitano, nalo linaandikwa.

Pingamizi linalorudiwa kuliko yote, serikalini na barazani, ni hili: kama kweli mtu ni Mkenya, anaogopa nini? Alete ushahidi, apewe kadi, yaishe. Linasikika kama busara. Lakini limebeba mambo manne ambayo halijayalipia.

Kwanza, linachukulia kwamba kuthibitisha ni bure. Aliyetoka Liboi au Ijara alilipa nauli, akalala mjini, akaacha mifugo kwa mwingine, kisha akaambiwa arudi kamati itakapoketi. Pili, linaamini kwamba mkweli hushinda daima, ilhali aliyesajiliwa maradufu ni mkweli na kweli yake ndiyo inayomwangusha: akikiri kwamba alipangwa foleni ya mgao akiwa mtoto, amejifunga mwenyewe. Tatu, kwa kawaida linasemwa na mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Uhakika alio nao kwamba yeye ni Mkenya haukutoka kwenye kadi. Alikuwa nao kabla ya kadi, na kadi ilipokuja ilimkuta nao. Mwenzake wa Garissa ana uhakika wa namna ileile, ila wake umeitwa madai.

La nne ndilo zito. Ushahidi wenyewe unatoka wapi? Kadi ya kijana inategemea ya baba, ya baba inategemea ya babu, na babu alipata yake kwa sababu mzee fulani alisema anamjua. Ibn Sina aliwahi kuupima mnyororo wa aina hii, japo katika jambo kubwa zaidi. Alisema kila kinachoweza kuwepo au kutokuwepo kinahitaji sababu nje yake, na hata mfululizo mzima wa vitu kama hivyo lazima uegemee kwenye kisichohitaji sababu, yaani Wajib al-Wujud, ambaye kwake ni Mungu. Mnyororo wa msasa nao lazima ukome mahali, na hukoma kwenye kinywa cha mzee. Dola inayodai karatasi kutoka kwa kila mtu imesimama, huko chini kabisa, juu ya neno lisilo na karatasi. Huku juu inajiweka pale Ibn Sina alipomweka Mungu, kana kwamba kuwepo kwa wengine kunamiminika kutoka kwake. Wanaouliza mtu anaogopa nini hawajafika huku chini, na pengine hawana haja ya kufika.

Isidhaniwe kwamba Ibn Sina alidharau ushahidi. Kitabu chake cha tiba, al-Qanun, chenye juzuu tano, kilitafsiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona huko Toledo katika karne ya 12, na kikaendelea kufundishwa katika vyuo vya Ulaya hadi karne ya 17. Humo kuna kurasa nzuri sana kuhusu maji. Anayasifu ya chemchemi yanayopita juu ya udongo safi, anashauri mabaya yachemshwe, na anaeleza namna ya kulinganisha maji ya sehemu mbili: vipande viwili vya pamba vyenye uzito sawa vilowekwe, kila kimoja katika maji yake, vikaushwe vizuri, kisha vipimwe. Kilichobaki chepesi ndicho kilicholowekwa maji bora. Msomaji wa Garissa, anayeyajua maji ya Tana yakiwa na rangi ya udongo, au wa Wajir, anayeyajua maji ya chumvi ya visima vifupi, angependa kurasa hizo kuliko za metafizikia. Maji hayajijui, kwa hiyo hupimwa kutoka nje. Huyuhuyu aliyepima pamba ndiye aliyesema kwamba yupo mmoja ambaye kipimo cha nje hakimfikii, naye ni mtu anayejijua. (Yeye mwenyewe angeisumbua kamati: baba yake alitoka Balkh, iliyomo Afghanistan ya sasa, kaburi lake liko Iran, kijiji chake kiko Uzbekistan, na picha yake imo katika noti ya somoni 20 ya Tajikistan.)

Yapo mapingamizi ya haki zaidi. Mtu kujijua bila kuufikiria mwili hakuthibitishi kwamba anaweza kuwepo bila mwili, na jibu kamili la hilo halijapatikana. Usalama nao si kisingizio kitupu, kwani watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ingawa mmoja wa washambuliaji alikuwa mhitimu wa sheria na mtoto wa chifu kutoka Mandera, ambaye kamati yoyote ingempitisha.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kuondolewa kwa msasa wa ziada katika kaunti za mpakani. Tangazo la kufuta kamati halitoshi kufuta alama za vidole zilizomo katika orodha ya wakimbizi. Na hata zikifutwa, swali linabaki: tendo hilo linautambua uraia uliokuwepo, au linautoa upya? Likiwa ni kutambua, miaka yote ya kukaa bila kadi ilikuwa ya raia aliyenyimwa haki yake, na kuna deni. Likiwa ni kutoa, hakuna anayedai kitu. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinaegemea upande wa kwanza, kwa kuwa kinamhesabu mtu kuwa raia ikiwa siku alipozaliwa mama au baba yake alikuwa raia. Utaratibu wa ofisi umeegemea upande wa pili.