Mlinzi Anamjibu Nani?

Hombo, mashariki mwa Kongo, ina pande mbili: wa kaskazini uko teritwari ya Walikale, Kivu ya Kaskazini, wa kusini uko Kalehe, Kivu ya Kusini. Mwishoni mwa Juni 2024, MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani, ilifunga kazi Kivu ya Kusini. Kwa hiyo, kwenye karatasi, ahadi ya kulinda raia ikabaki ng'ambo moja, ya kaskazini. Ombi la kuondoka lilitoka Kinshasa, ruhusa ikatoka Baraza la Usalama, Desemba 2023. Raia mwenyewe hakuwa na saini popote.

Je, mtu aliyeahidiwa jambo bila kuwa mwajiri wa aliyeahidi anaweza kudai?

Walikale inalijua swali hili kwa uchungu. Kati ya Julai 30 na Agosti 2, 2010, wapiganaji wa FDLR, waasi wenye asili ya Rwanda, na wa Mai-Mai Sheka, wanamgambo wa Kongo, walivamia vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua na Mpofi, Luvungi ikiwemo, wakabaka watu zaidi ya 300. Walinda amani walikuwa na kambi Kibua, yapata kilomita 30 tu kutoka Luvungi. Septemba, Atul Khare, ofisa mwandamizi wa idara ya ulinzi wa amani, alikiri mbele ya Baraza kwamba hatua zao hazikutosha. Sheka, kiongozi wa wanamgambo hao, alihukumiwa kifungo cha maisha huko Goma mwaka 2020. Lakini mlinzi aliyechelewa hana hakimu: mkataba wa 1946 unaupa Umoja wa Mataifa kinga mahakamani. Akina mama wa waliouawa Srebrenica, Bosnia, waligonga ukuta huohuo kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, mwaka 2013.

Watetezi wa ujumbe wana hoja, na si nyepesi. Wajibu wa kwanza ni wa Serikali, na majukumu ya ujumbe yalisema raia walindwe kwa kadiri ya uwezo uliopo. Sawa. Lakini sharti hilo halikuchorwa kwenye magari meupe. Mwanakijiji aliona bendera na bunduki, akaamua kutokimbia. Anayemfanya mwenzake abaki mahali pa hatari kwa kumtegemea anadaiwa maelezo, hata kama wokovu haumo mkononi mwake.

Baada ya Luvungi, ujumbe ulizidisha wasaidizi wenyeji na mitandao ya tahadhari kwa simu. Kitendo hicho kinakiri mengi kuliko hotuba ya Khare huko New York, maana kinakubali kwamba kusikiliza ni sehemu ya kulinda. Ila mitandao hiyo ilijengwa ili kubeba habari kutoka kijijini kwenda kambini. Ripoti ya kazi bado huandikiwa Baraza la Usalama.