Hadhira na Uwepo: Swali la Kumsikiliza Mwimbaji Ana kwa Ana

Kiswahili huwaita wasikilizaji wa mwimbaji hadhira, neno linalotoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu na maneno hadhara na kuhudhuria, mzizi wenye maana ya kuwapo mbele ya mwingine. Kwa kipimo cha lugha yenyewe, basi, anayesikia wimbo akiwa mbali ni msikilizaji, ila hajawa hadhira kwa maana kamili ya neno hilo. Swali la kifalsafa linaanzia hapo: ikiwa wimbo ule ule unapatikana katika simu ya mkononi, tena kwa sauti safi kuliko ya ukumbini, mpenzi wa mwimbaji hufuata nini anapolipa kiingilio na kukesha?

Kumbi za miji ya Thika na Ruiru, nchini Kenya, zinalitolea swali hilo mfano ulio wazi katika mugithi, neno la Kikuyu lenye maana ya gari moshi, ambalo limekuwa jina la muziki unaopigwa mara nyingi na mwimbaji mmoja mwenye gitaa, na pia jina la dansi yake. Wachezaji hujipanga mstari, kila mmoja ameweka mikono mabegani mwa aliye mbele yake, wakazunguka baina ya meza mithili ya mabehewa, huku mwimbaji akiurefusha wimbo maadamu mstari ungali unakwenda na kuugeuza anapoona miguu inachoka. Mwanafalsafa Mjerumani Walter Benjamin alieleza katika miaka ya 1930 kwamba kazi ya sanaa inayonakiliwa kwa mashine hupoteza upekee wa kuwapo mahali pamoja na kwa wakati mmoja. Mstari wa mugithi unaongeza jambo kwenye hoja hiyo, kwa kuwa kinachokosekana katika wimbo uliorekodiwa ni kujibizana: anayeusikiliza hawezi kuubadilisha, hata akicheza usiku kucha.

Kujibizana huko kuna upande wa kidini pia, kwani si ajabu katika mugithi tenzi za kanisani kuimbwa mbele ya meza zenye chupa, zikafuatwa na nyimbo za mapenzi bila gitaa kunyamaza. Mtakatifu Augustino, askofu wa Afrika ya Kaskazini aliyefariki mwaka 430, alikiri kwamba alijiona mkosefu kila alipoguswa na sauti kuliko maneno yanayoimbwa. Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alilijadili suala la samai, yaani kusikiliza uimbaji kwa ajili ya kuuamsha moyo, akanukuu rai ya Junayd wa Baghdad kwamba usikilizaji huo unahitaji mambo matatu: wakati, mahali na wenzi. Kipimo hicho kinafaa zaidi kuliko hofu ya Augustino, kwa sababu kinahamisha hukumu kutoka kwenye sauti na kuiweka kwa watu waliokusanyika, nao ndio wanaojua kama utenzi ule umeimbwa kwa kumkumbuka Mungu au kwa kuwachekesha walevi.

Uzito wa kuhudhuria hudhihirika zaidi mwimbaji anapoondoka duniani. John De'Mathew, mzaliwa wa Gatanga aliyetunga na kuimba nyimbo zake mwenyewe kwa Kikuyu, alifariki katika ajali ya barabarani mjini Thika, karibu na hoteli ya Blue Post, tarehe 18 Agosti 2019. Sauti yake haikupotea siku hiyo, na anayetaka kuisikia ataipata ikiwa timamu, kila ubeti mahali pake. Nyimbo hizo bado zina wasikilizaji. Hadhira hazina tena, kwa kuwa aliyekuwa akiijibu hayupo.