Utamu wa Shaka

Tumezoea kumlaumu kijana atumiaye ujira wake wa siku kwa mikeka ya kamari, tukamwambia kwamba ana tamaa ya mali, na lawama hiyo, ijapokuwa hutoka katika nyoyo zenye huruma, naona kuwa haikupiga mahali pake. Kwa maana mwenye tamaa ya mali angefanya hesabu, na aliyefanya hesabu angeacha.

Kimfungacho ni shaka yenyewe. Mwaka 2003 Christopher Fiorillo, Philippe Tobler na Wolfram Schultz walieleza katika jarida la Science jinsi walivyopima mapigo ya umeme ndani ya ubongo wa kima, katika zile chembe zitoazo kemikali iitwayo dopamini, huku wanyama wale wakionyeshwa alama, moja ikiahidi maji ya matunda kwa yakini, moja ikiyanyima kabisa, na nyingine zikiliacha jambo katikati. Alama ya yakini ilizistua chembe mara moja, kisha zikatulia, na maji yalipofika hayakuzistua tena, madhali yalikwisha kutarajiwa. Walakini ile ya nusu kwa nusu ilizifanya zizidi kupiga kidogo kidogo kadiri wakati wa malipo ulivyokaribia, na hapana alama iliyozipandisha kuliko hiyo. Tafadhali litaamali jambo hili, msomaji: hakijatolewa kitu wala hakijanyimwa, na ubongo umekwisha kuwaka.

Kwa binadamu hapana haja ya kupenya fuvu, kwani katika miaka ya 1920 Hans Berger, tabibu wa Jena huko Ujerumani, alinasa umeme wa ubongo kutoka juu ya kichwa. Kwa njia hiyo William Gehring na Adrian Willoughby walionyesha, mwaka 2002, kwamba robo ya sekunde tu baada ya mtu kupoteza fedha katika mchezo wa kubahatisha, wimbi la umeme huo hutokea. Na baada ya kupoteza, watu walielekea kuchagua, mara iliyofuata, dau la hatari zaidi.

Sisemi kwamba shaka ni maradhi. Mvuvi hutoka alfajiri asijue bahari imemwekea nini, lakini shaka yake humfunza: hujua bamvua na maji mafu, hujua upepo na mwamba, na mwaka hata mwaka ujinga wake hupungua. Shaka ya kamari haifunzi kitu, kwa kuwa mwenye duka amekwisha kuipanga ili faida ibaki kwake, na kijana hubaki akiwaka moyo palepale alipoanza.

Basi tusimhukumu peke yake. Nawasihi wenye mamlaka wazuie matangazo ya kamari redioni saa ambazo watoto wangali macho, na wazazi wawaeleze wana wao, kwa upole na bila matusi, kwamba ile raha ya kungoja ndiyo bidhaa wanayouziwa.